Mdogo wangu kapandikizwa figo, sasa ananifukuza wodini

SWALI

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31. Leo ni siku ya sita tangu apandikizwe figo aliyopewa na dada yetu mkubwa. Mwanzoni tulifurahi sana, mkojo ulikuwa mwingi mpaka manesi wanabadilisha mfuko kila mara. Kreatini, kipimo cha damu cha kuona figo inavyofanya kazi, ilishuka kutoka 910 hadi 290, juzi ikawa 285, leo asubuhi wametuambia ni 318 na kesho atafanyiwa biopsi, yaani kuchukuliwa kinyama cha figo kikapimwe. Ninayemuuguza ni mimi: namlisha, nampa dawa, nalala kwenye kiti pembeni yake. Lakini amebadilika. Hapati usingizi, anafoka kwa jambo dogo, jana kanirushia kikombe na kuniambia nitoke nisirudi, kisha akalia. Mama anauliza figo ya dada yake wa tumbo moja itakataliwaje. Ndugu wanataka kuja kumwona, simu hazikatiki. Dada mkubwa karuhusiwa jana, naye anauliza figo inaendeleaje, sijui nimjibu nini. Nifanye nini? Au kweli nirudi nyumbani nimwache na manesi?

JIBU

Dada, pole na kuuguza. Naanza na kikombe. Umekitaja katikati ya mambo mengine, lakini nadhani ndicho kilichokufanya uandike.

Siku ya sita baada ya kupandikizwa, mgonjwa huwa kwenye dozi kubwa za dawa kuliko atakazokuja kupewa miezi ijayo. Kwa kawaida siku ya upasuaji hupewa steroidi ya dripu, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, kisha huendelea na vidonge vya prednisoloni, nayo ni steroidi. Steroidi hufukuza usingizi, huleta njaa isiyoisha, hupandisha sukari, na kwa baadhi ya watu hugeuza tabia kabisa: saa hii anacheka, saa ijayo anafoka, baadaye analia na kuomba radhi. Takrolimasi, ambayo hospitali nyingi ndiyo huitegemea zaidi kushusha kinga, hutetemesha mikono na kuumiza kichwa. (Mwangalie akishika kijiko. Kama mkono unatikisika, huenda hasira nyingine ni ya mtu aliyeshindwa kushika kikombe chake mwenyewe mbele ya dada yake.) Ongeza mshono, mpira wa mkojo, mashine zinazolia usiku kucha, na mtu wa maabara anayewasha taa alfajiri kuja kuchukua damu.

Haya waambie madaktari. Ndugu wengi wanaouguza hunyamaza kwa kuona ni aibu ya kifamilia, kumbe ni taarifa ya kitabibu kama ilivyo homa. Daktari anayemwona kwa dakika tano wakati wa raundi hamjui alivyokuwa kabla, wewe unamjua. Sema wazi: ndugu yangu si mkali, hajalala usiku tatu, analia. Wakijua wanaweza kuangalia kama prednisoloni yote inatolewa asubuhi badala ya jioni, kama maumivu yamedhibitiwa, kama kiwango cha takrolimasi kwenye damu kimepanda kupita kiasi, na kama kuna maambukizi yanayojificha. Wewe saidia yale ya kawaida: mchana pazia liwe wazi na akae kwenye kiti, usiku simu izimwe na maongezi yaishe mapema. Usimletee kidonge cha usingizi kutoka nje, hata kama mwenyewe unakitumia na kinakufaa.

Kuna hatua ambayo hapo tena si hasira. Akianza kutojua yuko wapi, kuona watu wasiokuwepo, kuvuta mipira mwilini, kuongea maneno yasiyoungana, kupata degedege, au kusema afadhali afe, mwite nesi papo hapo, usingoje raundi.

Hata hivyo, vidonge havibebi lawama yote. Rudi kwenye maneno yako: namlisha, nampa dawa. Huyu ni mwanamume wa miaka 31, yuko siku ya sita, na kama hakuna tatizo lingine anaweza kukaa, kushika kijiko hata kwa mkono unaotetemeka, na kutembea hadi mlangoni na kurudi. Miaka aliyokaa kwenye mashine ya kusafisha damu amekuwa mtu wa kufanyiwa. Alikubali kupasuliwa ili hali hiyo ikome. Sasa anaamka na kukuta mtu amemshikia kikombe mdomoni. Na figo iliyo ndani yake kaitoa dada yake mwingine. Ana madeni mawili kwa dada zake na hana namna ya kulipa hata moja, kisha leo anasikia namba imepanda. Mimi ningefoka pia.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la mwisho ni kwamba usiondoke, ila badilisha kazi. Siku hizi za wodini ni za yeye kujifunza kuishi na figo mpya wakati bado kuna watu wa kumsahihisha. Akitoka hapo, kila siku ya maisha ya hiyo figo atameza dawa kwa saa yake, na hutakuwepo kila saa. Kila unachomfanyia sasa ambacho angeweza kukifanya mwenyewe unamnyima somo.

Nitarudi kwenye dawa, maana ndiko kwenye kazi kubwa. Kwanza tumalize la kesho.

Kreatini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu. Figo ikifanya kazi vizuri, namba inashuka. Kwa figo ya mtu aliye hai mara nyingi hushuka haraka, lakini mteremko haufanani kwa watu wote. Huwezi kusoma chochote cha maana kwenye namba moja. Kinachosomwa ni mwelekeo wa siku kadhaa, pamoja na mkojo, uzito, presha na kiwango cha dawa. Ya mdogo wako ilishuka vizuri, ikasimama, kisha ikapanda kidogo kabla haijafika inapotakiwa. Hapo timu makini haikai kusubiri, na mimi nafarijika kuona hawajasubiri.

Sababu za kusimama hivyo ni kadhaa na si zote za kutisha. Huenda figo imechoka kutokana na muda iliokaa bila damu wakati ikihamishwa, inahitaji siku au wiki kuamka. Wengine hulazimika hata kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu kwa muda na baadaye figo ikashika kazi vizuri. Huenda takrolimasi imezidi, maana dawa hiyo hiyo inayoilinda figo, ikiwa nyingi kwenye damu, huibana mishipa ya figo. Huenda mgonjwa amepungukiwa maji kwa sababu alikojoa sana mwanzoni. Huenda kuna kizuizi, kama damu iliyoganda kwenye mpira wa mkojo au majimaji yaliyojikusanya pembeni ya figo yakaibana. Hayo ultrasaundi huyaonyesha. Na huenda ni mwili unaanza kuikataa figo. Kwa macho, kwa kubonyeza tumbo, hata kwa namba, madaktari hawawezi kutofautisha haya yote kwa uhakika. Ndiyo maana wanachukua kinyama kidogo na kukiangalia kwa darubini.

Mama anastahili jibu la swali lake. Mwaka 1954, mwezi Desemba, huko Boston, Ronald Herrick alimpa figo ndugu yake Richard, na huo ndio upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa kwa muda mrefu. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ilifanikiwa bila dawa za kushusha kinga kwa sababu walikuwa pacha wa kufanana, na kinga ya Richard haikuona kitu cha kigeni. Ndugu wengine wa tumbo moja hawako hivyo. Wanaweza kulingana sana, nusu, au wasilingane kabisa katika zile alama ambazo kinga huzitumia kumtambua mgeni. Figo ya dada ni zawadi nzuri kuliko nyingi, lakini kwa kinga ya mdogo wako bado ni mgeni. Mwambie mama kwamba hakuna aliyemharibu mtoto. Na hata biopsi ikionyesha mwili unaikataa, katika siku hizi za mwanzo hali hiyo mara nyingi hutibika: kwa kawaida steroidi ya dripu kwa siku tatu mfululizo, na ikishindikana zipo dawa nyingine kali zaidi. Neno «kukataa» linatisha kuliko hali yenyewe ikiwahiwa mapema.

Ila jiandae kwa jambo moja. Wakimpa steroidi hizo za dripu, usingizi na hasira vinaweza kuwa vibaya zaidi kabla ya kutulia, na sukari ikapanda. Mweleze mapema, akiwa ametulia, kwamba ikitokea hivyo ni dawa.

Biopsi yenyewe ni fupi. Figo mpya haikuwekwa mgongoni zilipo zile za kuzaliwa. Iko chini ya tumbo, karibu na nyonga, si mbali na ngozi. Kwa hiyo atalala chali, watapiga ganzi, watamwongoza daktari kwa ultrasaundi, kisha sindano yenye springi itachukua kipande chembamba. Springi hiyo hulia «ta!» kwa ghafla na wagonjwa wengi hushtuka kwa sauti kuliko kwa maumivu. Mwambie kabla. Baadaye atatakiwa alale tuli kwa saa kadhaa, presha ikipimwa mara kwa mara. Mkojo wa kwanza unaweza kuwa na wekundu hafifu. Ukiwa mwekundu kama damu yenyewe, ukatoka na mabonge, ukakata kabisa, au tumbo likaanza kuuma sana, ni kumwita nesi. Na kama kuna aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda aliyokuwa akitumia, hakikisha waliompanga kwa biopsi wanaijua leo, wasiisikie kesho akiwa kitandani.

Leo jioni usimwambie «usijali, utapona tu». Maneno hayo humwacha mgonjwa peke yake na wasiwasi wake, maana yeye anajali na amesikia namba kama ulivyoisikia wewe. Na tafadhali, usimkumbushe kwamba dada alijitoa kwa ajili yake, hata kwa nia ya kumtia moyo. Analijua hilo kila akishika tumbo. Muulize anachoogopa kuhusu kesho, kisha nyamaza asikike. Akisema hataki kuongea, sawa, kaeni kimya. Kuhusu kikombe, mara moja tu na kwa sauti ya kawaida mwambie: uliniumiza, najua hukulala, na kesho nitakuja. Yaishe hapo.

Sasa dawa.

Umesema unampa. Kuanzia kesho jioni, akiwa ameruhusiwa kuinuka, azishike yeye. Muulize nesi wa zamu kama wodi ina utaratibu wa mgonjwa kujifunza kumeza mwenyewe. Wodi nyingi za upandikizaji zinao, na kama haupo wataruhusu afanye mbele yao. Aisome karatasi ya dawa, ataje kila kidonge kwa jina, aseme cha nini, akitoe kwenye karatasi yake na kukimeza. Wewe kaa pembeni na daftari. Akikosea, msubiri sekunde chache ajisahihishe kabla hujafungua mdomo. Mwanzoni ataudhika, maana vidonge ni vingi: takrolimasi, maikofenoleti, prednisoloni, kotrimoksazoli ya kuzuia nimonia ya aina fulani, pengine valgansikloviri ya kuzuia virusi vya CMV, dawa ya tumbo, ya presha. Usimpe orodha nzima ya kukariri. Siku ya kwanza zile tatu za kinga, nyingine zifuate.

Ngoja nikuonyeshe mahali ambapo upendo wa ndugu huharibu kipimo. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, tuseme saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Ili kujua kama dozi inatosha, maabara hupima kiwango cha chini kabisa kwenye damu, yaani kile kilichobaki baada ya saa 12, kabla ya kumeza ya asubuhi. Siku ya kipimo mtu wa maabara anachelewa. Saa 2 inapita, saa 2 na nusu inafika, ndugu anaona saa ya dawa imepita na aliambiwa dawa hizi hazicheleweshwi, basi anampa. Saa 3 damu inachukuliwa. Jibu linakuja juu mno, kwa sababu limepima dawa iliyomezwa muda mfupi uliopita, na daktari asiyejua hilo anapunguza dozi. Siku chache baadaye kinga ina nguvu kuliko inavyotakiwa, na hakuna anayejua kosa lilianzia wapi. Kwa hiyo siku ya kipimo cha kiwango: damu kwanza, kidonge baadaye, mtu wa maabara akichelewa anaitwa. Na ikitokea kidonge kimetangulia, sema. Hakuna atakayekugombeza, au akikugombeza, vumilia. Taarifa hiyo ina thamani kuliko aibu.

Utaratibu huo huo ataendelea nao kila akirudi kliniki: anakuja na kidonge cha asubuhi mfukoni, anakimeza baada ya kutoa damu. Aulize pia kama takrolimasi yake ni ya mara mbili kwa siku au ile ya kutoa dawa polepole ya mara moja. Hizi mbili hazibadilishani, na mfamasia asiyezoea wagonjwa wa kupandikizwa anaweza kumpa moja badala ya nyingine. Akitapika baada ya kumeza, asirudie dozi kwa kukisia. Andikeni saa aliyomeza na saa aliyotapika, kisha nesi au daktari aamue. Kuhara nako ni kwa kuripoti: maikofenoleti huweza kukuleta, na kuhara kukizidi kiwango cha takrolimasi kinaweza kupanda. Na kama wewe au yeyote nyumbani ni mjamzito au anatarajia, asivunje wala kusaga vidonge vya maikofenoleti, kwa kuwa dawa hiyo hudhuru mimba.

Daftari lako liwe la kazi, lisiwe la kumbukumbu za hisia. Kila asubuhi uzito, kabla hajanywa chochote. Ukipanda kilo moja kwa usiku mmoja hayo ni maji, hakuna mtu anayenenepa usiku mmoja. Mkojo wa saa 24 na alichokunywa. Joto, presha, kreatini, kiwango cha takrolimasi. Chini yake maswali ya raundi, yasizidi matatu, kwa sababu swali la nne na yanayofuata daktari huyajibu akiwa tayari anatembea. Swali ninalopenda kuliko yote ni hili: «Leo mnangojea kuona nini?» Litakuambia wanawaza nini kuliko «anaendeleaje?». Na maswali hayo, mdogo wako akiweza, ayaulize yeye. Wewe uliza alilosahau.

Kuhusu kunywa maji, ulizeni kila siku upya. Figo ikimwaga mkojo mwingi mgonjwa huambiwa anywe sana. Figo ikizubaa huambiwa apunguze, wakati mwingine ndani ya siku mbili. Ndugu aliyesikia amri ya Jumatatu huendelea kumjaza maji hadi Alhamisi. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, nayo inaweza kupanda figo ikisuasua, na takrolimasi huisaidia kupanda, kwa hiyo matunda na juisi za kumtia nguvu zipitie kwanza kwa mtaalamu wa lishe. Balungi ndiyo marufuku kabisa, tunda na juisi yake, kwa sababu hupandisha takrolimasi kwenye damu. Dawa za mitishamba pia ziachwe, hata zenye sifa ya kusafisha figo, hizo hasa. Zipo zinazoshusha kiwango cha dawa, zipo zinazoamsha kinga mnayojitahidi kuilaza, na zipo zinazoichoma figo yenyewe. Za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hazimfai sasa wala baadaye. Na antibayotiki yoyote atakayoandikiwa na daktari mwingine siku za usoni, timu yake ya upandikizaji iijue kabla hajameza. Klarithromaisini hupandisha takrolimasi, rifampisini huiporomosha.

Wageni. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Tarehe 3 Desemba 1967, huko Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine, na dunia nzima ikashangaa. Washkansky aliishi siku 18. Moyo ulikuwa unapiga vizuri. Aliuawa na nimonia, kinga yake ikiwa imezimwa ili moyo usikataliwe. Dawa za leo ni nzuri mno kulinganisha na za wakati ule na kinga inashushwa kwa kipimo, lakini hesabu ya msingi ni ile ile: mwezi wa kwanza, mafua ya shangazi yanaweza kumpeleka mdogo wako kwenye oksijeni. Mwenye kikohozi, homa, kuhara, vipele au jicho jekundu asije, hata awe nani. Watoto wadogo wasubiri. Wawili kwa wakati mmoja wanatosha, na kila mmoja anawe mikono akiingia, pamoja nawe kila unapotoka kununua kitu na kurudi. Maua na mimea ya chungu hapana, udongo na maji yake hufuga fangasi na bakteria. Na asiyekaribishwa na mgonjwa mwenyewe asije, ingawa ana afya njema kama chuma. Mdogo wako akisema hataki kumwona mtu, wewe ndiye mlango.

Simu nazo zina dawa: ujumbe mmoja kila jioni kwenye kundi la familia, sentensi tatu, ulioidhinishwa na mgonjwa. Usiandike namba za kreatini. Ukianza kuziandika, kesho utakuwa na watu ishirini wanaosoma vipimo, na mmoja wao atakuwa na rafiki ambaye yake ilishuka kwa siku tatu.

Mwili wake utahitaji kusukumwa kidogo. Atembee mara kadhaa kwa siku, umbali mfupi mfupi. Hii huzuia damu kuganda miguuni, hufungua mapafu na kuamsha tumbo lililolazwa na dawa za maumivu. Akitaka kukohoa akumbatie mto juu ya mshono, akohoe kwa nguvu, asibanie. Asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita au zaidi, kadiri watakavyomwelekeza. Mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, usifungwe kipimo cha presha wala kuchomwa sindano. Mzoee kuwakumbusha, maana nesi mgeni wa usiku anaweza kusahau.

Na wakiutoa mpira wa mkojo, mwandae kwa jambo ambalo watu hawalisemi. Kama alikaa muda mrefu bila kukojoa, kibofu kimesinyaa. Atakwenda chooni kila nusu saa, usiku pia, atawahi na wakati mwingine hatawahi. Atadhani kuna kilichoharibika. Kibofu hutanuka polepole kwa wiki zinazofuata. Mwekee chombo cha kupimia mahali anapofikia mwenyewe, naye ndiye aandike kiasi. Nimeona wanaume wazima wakionyesha karatasi ile ya mkojo kwa fahari kuliko cheti cha shule, na wana haki.

Kulala kwenye kiti kuishe. Usiku wa leo baki kama biopsi inamtia hofu na mwenyewe anataka. Kuanzia keshokutwa, kama hakuna dharura, lala kitandani kwako, rudi asubuhi kabla ya raundi, ondoka jioni baada ya dawa ya saa 2. Mwambie saa utakayorudi na uifuate. Mtu asiyelala huanza kusahau, na wewe ndiye mwenye daftari. Usiku manesi wapo, ndiyo kazi yao, na baadhi ya wagonjwa hulala vizuri zaidi wasipokuwa na ndugu anayewaangalia.

Kabla hajaruhusiwa, pateni majibu ya haya kwa maandishi: namba ya kupiga usiku, tarehe ya kliniki ya kwanza, na hali gani zinamrudisha hospitali bila kungoja kliniki. Kwa kawaida ni joto la 38 au zaidi, mkojo kupungua, uzito kupanda ghafla, figo kuuma ikiguswa, mshono kutoa usaha, kutapika dawa. Waulizeni madaktari pia kama ndani amewekewa kijibomba laini kati ya figo na kibofu, na kitatolewa lini. Mara nyingi ni baada ya wiki nne hadi sita, na kikisahaulika huleta maambukizi na mawe.

Amebaki mtu mmoja, ambaye barua yako imemtaja kama muulizaji wa habari tu. Dada yenu mkubwa naye amepasuliwa siku sita zilizopita. Aliingia hospitali mzima na ametoka mgonjwa, kinyume cha mdogo wako, na mara nyingi mtoaji ndiye anayeumwa zaidi wiki ya kwanza, kwa kuwa yeye hakuwa na ugonjwa wa kulinganisha nao. Figo iliyobaki inajifunza kubeba kazi ya mbili. Kreatini yake mwenyewe itakuwa juu kidogo ya alivyozoea, na hilo linategemewa. Lakini joto, mshono unaovuja, mguu mmoja uliovimba au kifua kinachobana ni vya kumrudisha hospitali mara moja. Naye akae mbali na diklofenaki na ibuprofeni. Watoaji wengine hupata huzuni wiki hizi, hasa watu wote wanapomkimbilia aliyepokea, na huzuni hiyo huwa kali zaidi figo ikisumbua.

Mjibu ukweli, kwa maneno ya kawaida: imeshusha sumu nyingi, sasa imesimama, kesho wanaiangalia kwa karibu kujua sababu, na kama ni mwili unaikataa kuna matibabu. Mwambie pia kitu ambacho madaktari wake wangemwambia: hakuna alichokula, alichobeba wala alichowaza kilichosababisha hili. Kisha acha habari za figo, umuulize mshono wake ukoje, amelala saa ngapi, na nani anayemchotea maji na kumnyanyulia vitu hapo nyumbani. Kama hakuna mtu, wale ndugu wanaotaka kuja wodini una pa kuwapeleka.